Kabla ya Kalamu Nyekundu

Kosa la sarufi ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulifanya anapoandika Kiingereza mara chache huwa tunda la uzembe au la kichwa kigumu, ingawa ndivyo wengi wanavyolichukulia. Aghalabu ni kanuni halali ya Kiswahili, inayofanya kazi yake barabara, isipokuwa imepelekwa katika lugha isiyoitambua. Anayeandika "He has slept" akimaanisha kwamba mtu yumo kitandani na amefumba macho hajaikosa sarufi. Anayo, tena anaifuata kwa uaminifu, ila sarufi hiyo ni ya "amelala". Kwa sababu hiyo, kazi ya kutafuta na kusahihisha makosa, ambayo shuleni imeachiwa kalamu nyekundu na siku hizi programu za kompyuta, haiwezi kufanywa vizuri na mtu anayekijua Kiingereza peke yake. Inamdai msahihishaji akijue na Kiswahili, tena kwa undani wa mwanasarufi, si kwa mazoea ya mzungumzaji tu.

Hoja hii ina uzito kwa sababu ya mahali Kiingereza kilipokaa katika maisha ya watu. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya umma kwa kawaida husoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta biolojia, jiografia na hisabati zimegeuka Kiingereza. Nchini Kenya mgeuko huo huja mapema zaidi, baada ya madarasa matatu ya mwanzo. Kote kuwili sentensi ya Kiingereza si zoezi la somo la Kiingereza tu, bali ndiyo mlango wa kupitia masomo mengine, na baadaye barua ya kuomba kazi, fomu ya benki na taarifa ya ofisini. Jamii nayo ina kejeli zake kwa anayejikwaa mlangoni hapo: hana ila "Kiingereza cha kuombea maji", na akitamka vibaya husemwa "amechapia", darasa zima likaangua kicheko. Kejeli hizo zina utamu wake, lakini humfundisha mwanafunzi kunyamaza, na aliyenyamaza hana sentensi ya kusahihishwa.

Mazoezi ya aina ya "tafuta kosa, kisha ulisahihishe" yana umri mkubwa kuliko shule za Afrika Mashariki zinazoyatumia, na chimbuko lake linaeleza udhaifu wake. Katikati ya karne ya 18 Ann Fisher, mwalimu wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, alitia katika kitabu chake cha sarufi sentensi zilizoharibiwa makusudi ili wanafunzi wazitengeneze. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alichapisha sarufi fupi ambayo tanbihi zake zilijaa makosa yaliyookotwa kwa waandishi wakubwa, Shakespeare akiwa mmoja wao. Na Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, alitoa sarufi yake mwaka 1795 na miaka miwili baadaye akatoa kitabu kizima cha mazoezi ya kusahihisha. Wote hao waliwaandikia watu waliokuwa wakikisema Kiingereza tangu utotoni, ambao walihitaji kusuguliwa tu ili waandike kama waungwana wa zama zao. Zoezi lililobuniwa kumng'arisha mwenye lugha likapandishwa meli likaletewa mgeni wa lugha bila kubadilishwa, nalo tangu hapo limekuwa likimwuliza swali ambalo hana njia ya kulijibu: sentensi hii inasikikaje masikioni mwako? Mwingereza hulijua kosa kwa sikio, ilhali mwanafunzi wa Tandahimba au wa Lamu sikio lake ni la Kiswahili, nalo linamwambia kwamba "He has slept" iko sawa kabisa.

Wataalamu wa isimu, yaani taaluma ya kuichunguza lugha kisayansi, waliligundua jambo hilo katika karne ya 20. Robert Lado, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alishauri kwamba lugha mbili ziwekwe bega kwa bega ili mwalimu atabiri mahali mwanafunzi atakapojikwaa, na mbinu hiyo ikaitwa uchanganuzi linganishi. Miaka kumi baadaye S. Pit Corder alitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa: mtelezo, ambao ni kukosea kitu unachokijua kwa sababu ya haraka au uchovu, na kosa lenyewe, ambalo hujirudia kwa utaratibu kwa kuwa limejengwa juu ya kanuni iliyomo kichwani mwa mwanafunzi. Larry Selinker naye, mwaka 1972, akaiita sarufi hiyo ya kichwani kuwa ni lugha ya mpito, iliyo kati ya lugha ya nyumbani na ile inayotafutwa, ikiwa na kanuni zake yenyewe. Mtelezo mwenyewe huuona akisoma upya alichoandika; kosa halioni hata akisoma mara kumi, na ndiyo maana agizo la "pitia kazi yako kabla ya kukusanya" husaidia kidogo sana kuliko walimu wanavyotumaini.

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni kiambishi "-me-". Katika Kiswahili kiambishi hiki hubeba kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Kazi ya kwanza ni kuonyesha tendo lililokamilika, kama katika "amefika", na hapo Kiingereza hutumia "has arrived" bila ugomvi. Kazi ya pili ni kuonyesha hali iliyobaki baada ya tendo kwisha, kama katika amelala, amesimama, amekaa, amevaa, amechoka, ameshiba, amelewa, amekasirika na ameolewa, na hapo Kiingereza huliacha umbo la "has" na kushika "is": "He is asleep", "He is standing", "She is wearing a red dress", "She is married". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "-me-" ni "has" huandika "She has worn a red dress", na Mwingereza anayeisoma sentensi hiyo huelewa kwamba mwanamke huyo amewahi kulivaa gauni jekundu siku fulani, si kwamba analo mwilini. Hapa kuna hatari ambayo programu ya kusahihisha haina dawa yake, kwa maana sentensi yenyewe ni Kiingereza safi. Kilichopotea ni maana, na maana aliikusudia mwandishi, haikuandikwa popote ambapo mashine ingeweza kuisoma.

Kuna na mtego wa pili katika kiambishi hicho hicho. Mswahili husema "nimefika jana" na "amefariki mwaka jana" bila mtu kushtuka, kwa kuwa "-me-" haikatai kukaa pamoja na neno linalotaja wakati uliopita. Kiingereza kinakataa: likitajwa "yesterday" au "last year", umbo la "have" halina nafasi, na "I have arrived yesterday" lazima igeuke kuwa "I arrived yesterday". Kanuni yenyewe ni nyepesi kuifundisha ikielezwa hivyo, lakini vitabu vingi huieleza kwa maneno ya tendo la zamani lenye uhusiano na sasa, na mwanafunzi ambaye anahisi, kwa haki kabisa, kwamba kufika kwake jana kuna uhusiano na kuwapo kwake leo huondoka akiwa amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuja.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambazo mwalimu wa Kiingereza angeweza kuzichota na hazichoti. Kosa la "He did not went" ni mfano. Kitenzi kisaidizi, yaani kitenzi kinachosimama mbele ya kingine ili kukibebea wakati au ukanushi, ndicho hapa "did", nacho tayari kimeshika wakati uliopita. Kitenzi kikuu kinapaswa kurudi katika umbo lake tupu, "go". Mwanafunzi huambiwa hivyo mara nyingi na husahau mara nyingi, ilhali anayo kanuni hiyo hiyo mdomoni. Anapokanusha "alikwenda" hasemi "halikwenda", kana kwamba "-li-" inaweza kubaki pamoja na ukanushi. Husema "hakwenda", na "-li-" inatoweka kwa sababu alama ya ukanushi uliopita, "-ku-", imeichukua kazi yake. Wakati hauwekwi alama mara mbili katika kitenzi kimoja. Mwalimu akiandika ubaoni "hakwenda" na "did not go" moja chini ya nyingine, akachora mstari kutoka "-ku-" hadi "did", amemaliza sehemu kubwa ya kazi kwa dakika tano.

Upatanisho wa kisarufi, yaani kukubaliana kwa kitenzi na kiima chake, ni mahali pengine ambapo mzungumzaji wa Kiswahili ni tajiri bila kujijua. Sentensi kama "The price of the books have gone up" huandikwa hata na Waingereza wenyewe, kwa kuwa sikio huvutwa na nomino iliyo karibu, "books", na kumsahau mwenye kitenzi, "price", aliyeachwa nyuma. Katika Kiswahili hakuna atakayesema "Bei ya vitabu vimepanda". Kila mtu husema "Bei ya vitabu imepanda", hata mtoto asiyejua kusoma, kwa sababu mfumo wa ngeli, ambao ni mgawanyo wa nomino katika makundi yanayotawala viambishi vya maneno mengine, umemzoesha kumtafuta bwana wa sentensi kabla ya kukifungua kitenzi. "Orodha ya wanafunzi waliofaulu imebandikwa ukutani": maneno mawili yenye wingi yamepita katikati, na kitenzi bado kimeshikamana na orodha. Ujuzi huo ni mkubwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika somo la Kiingereza ngeli hazitajwi kabisa, au zikitajwa husemwa kuwa ni tatizo la Kiswahili.

Sentensi za masharti nazo zinafichua jambo. "Ningejua ningekuja" ina "-nge-" pande zote mbili, sharti na tokeo vikiwa vimevaa sare moja. Kiingereza huvivisha nguo tofauti: "If I had known, I would have come". Kwa hiyo "If I would have known, I would have come" ni "ningejua ningekuja" iliyotafsiriwa kwa nidhamu kubwa, na anayeiandika angestahili pongezi kabla ya kusahihishwa. Itajwe hapa pembeni kwamba Wamarekani wengi huisema sentensi hiyo hiyo katika mazungumzo, ingawa kwao haikutoka Unguja.

Vivyo hivyo kwa virejeshi, ambavyo ni vipashio vinavyorudisha habari kwa nomino iliyokwisha kutajwa, kama "-cho-" katika "nilichosoma". Kiswahili huruhusu, tena hupenda, kirejeshi kikae pamoja na kiambishi cha mtendwa, au na kiwakilishi kama "naye": "kitabu nilichokisoma", "mtu niliyemwona", "bibi ninayeishi naye". Kiingereza hakimtaji mtendwa mara ya pili, na hivyo "the book which I read it" na "the man whom I saw him" huwa na neno moja la ziada mwishoni. Msahihishaji anayelikata tu "it" bila kueleza amekata "-ki-" ya Kiswahili bila kujua, na wiki ijayo itachipua tena.

Hakuna mahali ambapo kalamu nyekundu huzunguka sana kama katika "a" na "the", vibainishi vidogo ambavyo katika Kiingereza hutangulia nomino na kuonyesha kama kinachotajwa ni kigeni kwa msikilizaji au amekwisha kukifahamu. Imezoeleka kusemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo, na kwamba mwanafunzi hana budi kukariri. Usemi huo ni nusu ya ukweli. Kiswahili hakina maneno hayo, lakini tofauti yenyewe kinayo, na huificha mahali pengine. "Nimeona kitabu" na "Nimekiona kitabu" si sentensi moja: ya kwanza inaweza kuwa habari ya kitabu chochote kilichoonekana mezani, ya pili ni ya kile kitabu ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua, pengine kilichokuwa kikitafutwa tangu asubuhi. Kiambishi "-ki-" ndani ya kitenzi kimefanya kazi ambayo Mwingereza angeifanya kwa "the" mbele ya nomino.

Msimulizi wa ngano hutumia njia nyingine. Huanza kwa kusema kwamba paliondokea mtu mmoja, na akishamtambulisha hasemi tena "mtu mmoja" bali "yule mtu", kiashiria kikiwa kimetangulizwa mbele ya nomino, mahali tofauti na pale kinapokaa mtu anapoonyesha kwa kidole na kusema "mtu yule". "Mtu mmoja" wa mwanzo wa ngano ndiye "a man", na "yule mtu" wa sentensi inayofuata ndiye "the man", na mtoto aliyewahi kusimuliwa hadithi na bibi yake amekwisha kuuelewa mfumo wa vibainishi vya Kiingereza kabla hajaijua alfabeti. Haimaanishi kwamba kila tundu limezibwa. Mwanafunzi ataendelea kuandika "The life is hard", kwa kuwa hakuna linalomwonya kwamba maisha kwa jumla, yasiyo ya mtu maalumu, hayatajwi kwa "the". Na tofauti kati ya "go to school", ambayo ni kwenda kusoma, na "go to the school", ambayo inaweza kuwa kwenda kuchukua ripoti ya mtoto, itabidi ifundishwe kama ilivyo. Lakini kuanza na "yule mtu" ni kuanza na ardhi iliyo chini ya miguu.

Kuhusu vihusishi, yale maneno mafupi ya "in", "at", "on" na "to", maelezo yanaweza kuwa mafupi kuliko mateso yake. Kiswahili hutia "-ni" mwishoni mwa nomino na kukiachia kitenzi kazi ya kueleza mwelekeo: mtu hukaa nyumbani, huenda nyumbani na hutoka nyumbani, na "nyumbani" haibadiliki. Kiingereza hufanya kinyume, na kwa hiyo makosa ya "He went at home" na "He arrived to the station" yatakuwapo kwa muda mrefu. Neno "mpaka" nalo husafiri vibaya: kwa kuwa hupima wakati na masafa pia, huzaa "He drove until Morogoro", ilhali "until" hupima wakati tu. Nomino zisizohesabika, kama "information", "furniture", "advice" na "luggage", zinahitaji kukaririwa, kwani hakuna mantiki inayoeleza kwa nini mizigo ihesabike bandarini Mombasa na isihesabike London.

Si kila kosa ni la Kiswahili, na makala yanayodai hivyo yangekuwa yanadanganya. Mwanafunzi anayeandika "Everyone have a book" hawezi kukilaumu Kiswahili, kwa sababu "kila mtu ana kitabu" ni umoja huko kama ilivyo kwa Waingereza. Anayeandika "goed" badala ya "went" anafanya yale yale ambayo watoto wa Kiingereza hufanya wakiwa wadogo, yaani kuichukua kanuni ya "-ed" na kuipeleka kwa kila kitenzi. Makosa ya namna hiyo chanzo chake ni Kiingereza chenyewe, lugha ambayo imeweka "-s" kwa nafsi ya tatu umoja peke yake katika wakati uliopo na kuziacha nafsi nyingine uchi. Kazi ya msahihishaji ni kuzitenga asili hizo, na namna ya kuzitenga huonekana vizuri zaidi katika sentensi nzima kuliko katika orodha ya makosa. Ichukuliwe sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata sura ya barua ambazo wanafunzi huwaandikia wakuu wa shule:

"I am requesting for a permission because yesterday I have been told that my grandmother who I live with her is sick, and although the hospital is far but me I must escort her until there."

Msomaji mwenye haraka ataona fujo. Akiisoma kwa utulivu, akianza na vitenzi, ataona kwamba fujo hiyo ina mpangilio. "Yesterday I have been told" ni "jana nimeambiwa", na "-me-" imekaa na "jana" bila haya, kwa hiyo igeuzwe "I was told yesterday". "Who I live with her" ni "ninayeishi naye", ambamo "naye" ndiyo "with her". Kiingereza kinataka "with whom I live" au, kwa lugha nyepesi, "who I live with", bila "her". "Although" na "but" zimekuja pamoja kwa sababu Kiswahili huzoea kuunganisha "ingawa" na "lakini" katika sentensi moja, na Kiingereza hutosheka na mojawapo. "Me I must" ni mkazo wa "mimi lazima", ambao katika Kiingereza hubebwa na sauti, si na kiwakilishi cha pili. "Until there" imekwisha kuelezwa. "Escort" si kosa la sarufi. Ni kusindikiza, tendo la heshima ambalo Mwingereza analifahamu zaidi kwa polisi na misafara ya viongozi, na mahali hapa "go with her" ingetosha.

Yamebaki mawili, na hayo hayamo katika Kiswahili. "Naomba ruhusa" haina kihusishi. "For" iliyofuata "requesting" imeazimwa kutoka "ask for" na kutoka nomino "a request for", yaani mwanafunzi amekisikia Kiingereza vizuri na kukiunganisha visivyo. "A permission" nayo ni kovu la masahihisho ya zamani: mtu aliyeadhibiwa mara nyingi kwa kusahau "a" huanza kuitia kila mahali, hata mbele ya nomino isiyohesabika, kama mpishi aliyelaumiwa kwa chakula kisicho na chumvi. Barua ikishatengenezwa itasomeka "I am asking for permission to be away because I was told yesterday that my grandmother, with whom I live, is sick, and although the hospital is far, I must go with her." Katika masahihisho yote hayo, matano yametokana na kanuni za Kiswahili, mawili na Kiingereza chenyewe, na moja na adabu. Kalamu nyekundu ingeyatia yote duara la rangi moja.

Inafaa pia kuyaondoa katika hesabu yale yasiyo makosa. Kumaliza sentensi kwa kihusishi kulianza kukemewa na mshairi John Dryden mwaka 1672, Lowth akakukemea kwa upole zaidi, na baadhi ya walimu bado wanakukemea, ingawa Waingereza hawajawahi kuacha kusema hivyo. Kutumia "they" kwa mtu mmoja ambaye jinsi yake haijulikani kumo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na Mswahili, ambaye "a-" yake haimbagui mwanamume na mwanamke, angekuwa wa mwisho kukushangaa. Wenye lugha wenyewe wana makosa yao ambayo mgeni hayafanyi sana: huandika "could of" badala ya "could have", na huchanganya "its" na "it's", "your" na "you're", kwa sababu walijifunza kwa sikio kabla ya jicho. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki, aliyeyaona maneno hayo ubaoni kabla hajayasikia, mara nyingi huyatofautisha bila taabu. Nalo "discuss about", linalosikika mikutanoni kuanzia Nairobi hadi Kampala na kuandikwa na watu wenye shahada, limefikia mahali ambapo msahihishaji hana budi kuamua anamtayarisha mtu kwa mtihani upi. Katika karatasi ya mtihani "about" ikatwe, mkutanoni iachwe ipite.

Swali la kama kusahihisha kunasaidia hata kidogo limegombewa na wataalamu. Mwaka 1996 John Truscott aliandika kwamba masahihisho ya sarufi katika insha za wanafunzi wa lugha ya pili hayana faida na huenda yana madhara. Mwaka 1999 Dana Ferris akamjibu kwamba hukumu hiyo ilitolewa mapema mno, na kwamba masahihisho yaliyochaguliwa vizuri na kueleweka yana nafasi yake. Kwa mazingira ya darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, ambaye jioni hubeba madaftari nyumbani kwa furushi, upande wa Ferris una busara zaidi, kwa masharti. Insha moja isitiwe alama ishirini, bali ichaguliwe aina moja ya kosa, tuseme "-me-" na wakati wake, nalo lifuatwe katika kila sentensi hadi mwisho, mengine yakiachwa kwa wiki nyingine. Mwandishi naye aitafsiri kwa Kiswahili sentensi iliyotiwa alama, maana akiandika "jana nimeambiwa" chini ya mstari wake mwenyewe ataona kiambishi kilichomponza, na mwalimu ataona kama kosa hilo limetoka nyumbani au limeokotwa njiani. Mkaguzi atakayeyafungua madaftari hayo huenda akadhani mwalimu ni mvivu, na hilo ni jambo ambalo wakuu wa shule watalazimika kulikubali.

Linabaki kosa moja ambalo hata utaratibu huo hauwezi kulikamata, kwa sababu ni neno moja tu na halina sarufi ya kuvunjika. Mswahili akiulizwa "Hujanywa dawa?" na kweli hajanywa, hujibu "Ndiyo", akilikubali neno la aliyeuliza. Mwingereza huangalia tendo, si usemi: kama hakunywa, jibu ni "No". Daktari mgeni anapouliza "You haven't taken your medicine?" na mgonjwa akajibu "Yes" kwa adabu na kwa sauti inayosikika, matamshi yakiwa mazuri, daktari huandika kwenye karatasi yake kwamba dawa imeshanywewa.